Nafasi Nne za Da Rukia

Sogeza kiti, wewe unayenisikiliza, na kama hujawahi kuandika programu ya kompyuta usiogope. Nitakwenda polepole na hutaachwa nyuma. Chukua karatasi. Juu kabisa, ukingoni kushoto, andika: "Mgeni akija." Mstari wa chini yake, ukiwa umesogea kulia upana wa vidole viwili, andika: "bandika maji ya chai." Mstari wa tatu rudi mpaka ukingoni, uandike: "fagia uwanja." Sasa soma. Chai inamsubiri mgeni, lakini uwanja unafagiwa kila siku, mgeni aje asije. Hakuna neno lililokuambia hivyo. Umeambiwa na ule upana wa vidole viwili ambao ndani yake hamna kitu. Ukiusogeza mstari wa uwanja ukakaa sambamba na ule wa chai, basi siku isiyo na mgeni uwanja hautafagiwa. Nimefanya kazi na upana huo kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na mpaka leo nikiutazama mwili unanisisimka, maana najua unaweza kumfikia nani.

Mwezi uliopita niliitwa Mtumba, mji wa serikali nje kidogo ya Dodoma, kwenye jengo ambalo korido zake bado zinanukia rangi, kuwasikiliza vijana wakieleza programu waliyoitengeneza. Tulikuwa tumekaa, maji ya chupa yamepangwa mezani, mlango ukafunguka. Akaingia mama mmoja aliyeshikwa mkono na dereva wake, fimbo nyeupe imekunjwa kwapani. Akasimama, akainua kidevu kidogo, kama mtu anayesikiliza ukubwa wa chumba. Sikuwa nimemwona kwa miaka minane. Nilisema shikamoo kabla sijajua kama nimeisema, naye akageuka moja kwa moja kuelekea nilipo.

"Marahaba, Yona. Bado unasoma programu zako kwa sauti?"

"Bado, Da Rukia."

"Basi hujazeeka bure," akasema, na vijana wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nilishindwa kucheka. Nilikuwa nimesharudi Makole, mtaa wa Dodoma ilipokuwa ofisi yetu, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha la wavu, mwaka ule ulioanza na upepo ukaishia na matope.

Tulikuwa watu watatu. Mradi wetu ulikuwa umepanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya familia moja. Nyuma ya pazia waliishi wenye nyumba, na tuliwasikia wakigombana kuhusu rimoti kama vile na sisi tulikuwa ndugu zao. Bwana Ndahani alikuwa mkuu wetu, Mgogo mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kila saa saba mchana alifunua bakuli la mboga ya mlenda na ugali wa uwele na kututangazia kwamba mtu asiyejua kula mlenda hawezi kuandika programu, kwa sababu hana subira na kitu kinachoteleza. Da Rukia, mwenyeji wa mji, binti wa familia ya wafanyabiashara, alimjibu kila siku jibu lile lile: "Kula, Bwana Ndahani, usitufundishe. Kidevu chako tu kimeshindwa kuushika." Hakuwa ameona kidevu hicho hata mara moja. Alipoteza macho akiwa na miaka tisa. Lakini alisikia mlenda unavyodondoka mezani.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta ndogo ambayo kioo chake kilikuwa cheusi, amevaa hedifoni, nikadhani ni mpokea simu. Nikamwomba aniitie mtaalamu wa programu. Akavua upande mmoja wa hedifoni. "Unamtaka wa nini?" Nikajibu kwamba nimeajiriwa kumsaidia. "Haya, nisaidie kupata mtaalamu mwingine, maana aliyepo ni mimi." Bwana Ndahani alipaliwa na chai yake. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Da Rukia alinivutia kigoda, akachomoa waya wa hedifoni ili sauti itoke nje, na kwa mara ya kwanza nikasikia programu.

Nitakueleza nilichosikia. Ile kompyuta ilikuwa na sauti inayomsomea mtu kila kilicho kwenye kioo, tena kwa kasi kubwa, kama mnadani. Kabla ya kila mstari, sauti ilitaja kwanza upana wa kushoto: sifuri, nne, nane, nane, nne, sifuri. Maana yake nafasi sifuri, nafasi nne, nafasi nane. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni nikiamini kuwa mistari inaingizwa ndani ili ionekane nadhifu. Yeye, kichwa kimeinama, alikuwa akiipanda na kuishuka kama mtu aendaye ngazi za nyumba aliyozaliwa. "Hapa tumeingia ndani ya sharti," alisema. "Hapa tumeingia ndani zaidi. Sasa tumetoka hatua moja. Umesikia? Bado tumo ndani, ila si chumbani, tupo sebuleni." Nilifumba macho nijaribu. Mistari kumi tu nikapotea. Yeye aliendelea mpaka mstari wa mia tatu na kitu, akasimama, akasema huu ukae nje, akabonyeza mara nne, na kosa nililoambiwa kuwa limewasumbua wiki nzima likaisha.

Kazi yetu ilikuwa onyo la mafuriko kwa watu wa upande wa chini wa Gulwe, kule Mpwapwa, kando ya reli. Mto wa kule kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Watoto wanacheza mpira ndani yake. Kisha mvua inanyesha mbali, ng'ambo ya vilima, na maji yanashuka ghafla huku Gulwe jua linawaka. Mwezi wa kumi nilikwenda pamoja na Bwana Ndahani, tukasimamisha nguzo ya kupimia yenye mistari ya rangi. Mpimaji wetu alikuwa Mama Nyemo, mwanamke mrefu aliyezungumza Kiswahili kwa uangalifu, kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga, kwa sababu nyumbani kwake waliongea Kigogo. Alinipokea kwa "Mbukwenyi," akangoja niitikie, nikababaika, akacheka mpaka akashika nguzo yetu mpya.

Maji yakifika mstari mwekundu, angetutumia meseji kwenye kompyuta ya Makole, nayo ingetuma onyo kwenye simu kumi na mbili, moja kwa kila nyumba ya bondeni, na moja ya ziada ya Mama Nyemo mwenyewe. Namba za simu hizo hatukumpa mtu yeyote, ili zisilie kwa salamu wala matangazo. Na kwa kuwa wazee wengi hawakusoma, Mama Nyemo ndiye aliyetaka mlio uwe wa jogoo. "Hata mama yangu atajua," alisema. "Jogoo akiwika kwenye simu, ni kupanda juu. Mama yangu hatembei, miguu imekataa. Jirani ana mkokoteni wa ng'ombe, tumeshapatana. Jogoo akiwika, jirani anafunga ng'ombe." Akaninyooshea kidole nyumba ya mama yake, ya mwisho kabisa kabla ya mchanga, paa la tembe, bapa la udongo, lililoota majani makavu. Kutoka nguzoni mpaka pale ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilitazama paa lile kwa muda mrefu. Sikuwahi kuandika mstari wa programu ambao mwisho wake ulikuwa bibi kizee mwenye mkeka wake.

Da Rukia alikuwa na sheria moja. Programu yoyote, kabla haijaanza kazi, aliyeiandika aisome kwa sauti mezani, mstari kwa mstari, akitaja nafasi. Kwangu ilikuwa kama kurudishwa darasa la pili. Nilikuwa na macho, na programu yangu ya kuandikia ilipanga kila kitu kwa rangi za kupendeza. Hapo ndipo upepo wa Dodoma unapoingia. Tangu mwezi wa sita vumbi jekundu lilipenya wavu wa dirisha likakaa juu ya vikombe, juu ya mlenda, na ndani ya kibodi. Kompyuta ya kwenye kona iliathirika zaidi: kile kitufe kirefu cha nafasi kilikuwa kigumu kama kimesiribwa. Kwenye barua tulikipiga kwa kidole gumba mpaka kikauma. Tulipochoka tulibonyeza Tab, kile kitufe cha kushoto kinachorusha maandishi kwenda kulia mara moja. Nilikuwa nimepanga kioo cha kompyuta hiyo kionyeshe Tab moja kwa upana wa nafasi nne, ili ipendeze. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Jumatano moja, mvua zikiwa karibu, Bwana Ndahani alikuja na ombi. Ofisi kubwa iliyopokea nakala za maonyo haikutaka simu yake ilie Jumamosi na Jumapili. "Wanasema inalia kanisani," alisema, huku akijifuta miwani. "Waondolee. Ila wa bondeni wapate siku zote." Kompyuta nzuri ilikuwa inatumika, nikakaa kwenye ile ya kona. Nikaandika sharti jipya ndani ya lile la mstari mwekundu, nikikipiga kitufe cha nafasi kama natwanga: ikiwa leo ni siku ya kazi, peleka nakala ofisini. Chini yake ulikuwa mstari wa kuwatumia wanakijiji, na huo ilibidi niuandike upya ili utaje jina la kijiji. Kitufe kikakwama. Nikabonyeza Tab. Mstari ukaja ukasimama sawa kabisa chini ya sharti jipya, nje yake, pale nilipoutaka. Ningeweza kuweka rula.

"Umesoma?" Da Rukia aliniuliza alasiri hiyo, huku akivaa mtandio wake kwenda nyumbani.

"Nimesoma, dada."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti." Nilikuwa nimepitisha macho tu. Alhamisi tuliijaribu, jogoo wakawika Gulwe kwenye nyumba kumi na mbili, Mama Nyemo akapiga simu akicheka kwamba majogoo halisi wamechanganyikiwa. Bwana Ndahani alininunulia zabibu kifurushi kizima. Nikazila nikiwa najiona mtu mkubwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tulikuwa wawili ofisini. Ijumaa mchana Da Rukia alikwenda kuswali na hakurudi kazini, hivyo Jumamosi asubuhi alifidia, na mimi nilipenda kukaa karibu naye nijifunze. Saa nne na nusu simu yangu ililia. Ilikuwa sauti ya Mama Nyemo, na nyuma yake mlio ambao nilidhani ni treni.

"Jogoo hajawika," alisema.

"Mama, shikamoo, unasema..."

"Maji yako kwenye mstari mwekundu! Nimetuma meseji. Nina simu ya jogoo mkononi, hajawika! Yona, jogoo hajawika, na mama yuko kule chini!"

Kwenye kompyuta ya kona meseji yake ilikuwepo. Kipimo kilikuwepo. Onyo halikwenda. Nikafungua programu nikaitazama, na nikuambie ukweli, hakukuwa na kosa. Kila mstari ulikuwa mahali pake. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Da Rukia alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

"Inakili kwenye flashi, nipe," alisema. "Halafu anza kutuma kwa mkono, namba moja moja." Nikampa. Nikaanza kunakili namba ya kwanza kwenye simu, nikakosea, nikafuta. Yeye alichomoa waya wa hedifoni. Ile sauti ya mnadani ikajaza chumba: sifuri, nne, nane. Kisha ikasema neno ambalo sikuwahi kuisikia ikilisema katika programu yoyote ya Da Rukia. Ikasema: tab.

Alisimamisha. Akairudisha. Nne, nane, tab.

"Mstari wa kutuma umeanza na tab," alisema polepole. "Wewe unauona wapi?"

"Uko sawa na nafasi nne, dada. Uko nje ya sharti."

"Hapo ni kwa macho yako. Kompyuta inaihesabu tab kuwa nane. Umewaweka watu wa bondeni ndani ya sharti la siku za kazi." Akanigeukia. "Leo Jumamosi."

Alibonyeza kufuta mara moja. Kisha akabonyeza nafasi: moja, mbili, tatu, nne. Nilizihesabu, na hakuna hesabu niliyowahi kuisikia kwa uzito ule. Akanipa flashi, nikairudisha programu mahali pake, akaniambia niiamuru irudie kipimo cha mwisho. Simu ilikuwa bado wazi mezani, Mama Nyemo bado yupo, tunasikia anavyohema na ule mlio wa maji. Kisha, kutoka ndani ya ule mlio, tukasikia jogoo akiwika.

Mama Nyemo alisema kitu kwa Kigogo ambacho sikukielewa, simu ikakatika. Da Rukia akakaa. Nyuma ya pazia wenye nyumba walikuwa wakicheka kipindi fulani cha televisheni. Tulikaa vile karibu saa nzima. Saa sita kasoro meseji ikaingia kwenye simu yangu: "Mama yuko juu. Anauliza nani atamletea kuku wake." Nikaisoma kwa sauti. Da Rukia alifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakatikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

"Ulisoma?" aliniuliza baadaye, bila kunigeukia.

Ningeweza kusema kwamba nilisoma nikapitiwa. "Sikusoma. Nilikudanganya."

"Nilijua," alisema. "Ungeisoma kwa sauti ningeisikia, nilikuwa palepale. Nikaamua nikuamini. Hilo ni kosa langu, na lingine ni lako."

Bwana Ndahani hakunifukuza. Aliniambia niende Gulwe nikaseme mwenyewe. Nilikwenda Jumatatu. Jiko la mama yake Mama Nyemo halikuwepo tena. Ukuta umelala, na kwenye chumba cha kulala alama ya matope ilipita usawa wa kitanda. Bibi alikuwa kwa jirani, amekaa kwenye mkeka juani. Nilijaribu kueleza. Nilichora kwa kijiti mchangani, mstari ulioko ndani na mstari ulioko nje. Mama Nyemo alitafsiri, bibi akasikiliza kwa makini, akauliza swali refu.

"Anauliza," alisema Mama Nyemo, "hapo katikati, ulipoacha wazi, pana nini?"

"Hapana kitu, bibi."

Bibi alipachungulia tena. Akanyoosha mkono akagusa mchanga pale pale, kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayegusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Akasema neno moja. Sikuomba litafsiriwe. Nilitazama vidole vyake vinne vimelala kwenye nafasi ile tupu, nikashindwa kuinuka.

Mwaka uliobaki wa mradi nilisoma kila programu kwa sauti mezani, mlenda upo, Bwana Ndahani akitafuna na kunikosoa. Miezi miwili ya kwanza nilisoma kama adhabu. Kisha siku moja nilisikia kosa kabla sijaliona, nikanyamaza katikati ya mstari, na Da Rukia, bila kuacha kula, akasema, "Haya. Umeanza kuona."

Vijana wa Mtumba wana bahati. Programu zao za kuandikia zinageuza tab kuwa nafasi zenyewe, na lugha tuliyoitumia, katika matoleo yake ya sasa, inagoma kabisa ikikuta viwili hivyo vimechanganywa kwa namna ya kutatanisha. Kosa langu lisingepita leo. Lakini mstari uliowekwa ndani ilhali ulipaswa kuwa nje bado unapita vizuri kabisa, maana kompyuta haijui ulimkusudia nani. Siku ile Da Rukia aliwasikiliza mpaka mwisho, akasifu kazi yao, kisha akamwomba binti aliyeongoza timu amsomee ukurasa mmoja kwa sauti, akitaja nafasi. Binti alitazama wenzake, akatabasamu kwa aibu, akaanza. Sifuri. Nne. Nane. Nane. Alipofika karibu na mwisho sauti yake ikapungua, akarudia mstari, akanyamaza. Da Rukia alikuwa ameinamisha kichwa, anatabasamu, na mimi nilikuwa na vidole vyangu vinne juu ya meza.

Basi fanya hivi. Fungua programu uliyoiandika wiki hii, na uiwashe ile alama inayoonyesha nafasi na tab. Chagua mistari yote, geuza kila tab kuwa nafasi nne. Kisha weka kidole kwenye mwanzo wa mstari wa mwisho ulioingia ndani, upande nacho juu mpaka ukutane na mstari wa kwanza unaoanzia kushoto zaidi. Huo ndio unaouamuru ule wa mwisho. Taja kwa sauti nani atakosa kitu ikiwa mstari wako haukupaswa kukaa chini ya amri hiyo. Halafu shika mstari unaoutangulia.